Jogoo Hataniwi

Vijana wa idara, siku ya kuniaga mlinipa kalamu mpya mkasema niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nadhani mlihofia kwamba Mpare kama mimi hatanunua ya kwake. Ahsanteni. Ya vyeo na mishahara siandiki. Hayo mtayapata wenyewe au hamtayapata, na kuku hawatajua tofauti. Nitawaandikia habari za kuku wa maonesho na wazee wawili waliowafuga, kwa sababu tangu nistaafu ndio ninaowawaza nikinywa chai asubuhi, na chai yenyewe mara nyingi inapoa kabla sijaimaliza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Soga. Siku hizi mnashuka pale kwenye treni ya umeme mkiwa mmependeza, lakini wakati wangu kulikuwa na reli ile ya zamani tu, mikorosho na vumbi. Watu wa pale walimzoea Bwana Mifugo, na nilipofika mimi na sketi yangu hawakuona sababu ya kubadili jina. Niliamkiwa "Shikamoo, Bwana Mifugo" hata wakati tumbo la mwanangu wa kwanza likinitangulia mlangoni. Baadaye wakanipa Bibi Mifugo, na hilo nimekaa nalo mpaka mwisho.

Mkubwa wangu wa kwanza kazini alikuwa mtu mkali, wa maneno machache. Alinifundisha chanjo ya kideri, ugonjwa wa kufagia kuku banda zima. Ninyi mnaijua: tone moja jichoni, basi. Lakini yeye alinifundisha nisimwachie kuku mpaka apepese jicho, maana asipopepesa dawa imeishia kwenye manyoya. Alinifundisha kwenda alfajiri, kuku wakiwa bado bandani, kwa kuwa wakishafunguliwa utawakimbiza mpaka heshima ikuishe. Na kwa kuwa barafu ilikuwa ya kubahatisha, chombo changu kikubwa kilikuwa kitenge kilicholowa. Chupa ya dawa unaiviringisha humo, unaiweka kikapuni, na kila ukifika kisimani unakilowesha tena. Vitenge vyangu vyote vya wakati ule vilichakaa hivyo, na mume wangu hakuacha kulalamika.

Maonesho ya kuku hayakuanzishwa na idara, msije mkadanganywa. Nikimaliza kuchanja, watu walikuwa wanakusanyika penye duka wakibishana jogoo wa nani kasimama vizuri. Siku moja wakachoka kubishana kwa maneno, wakasema Jumamosi kila mtu amlete wake na Bibi Mifugo aamue. Wakaja na matenga, wengine wamewakumbatia kuku kama watoto wa kliniki. Mshindi alipewa beseni. Tangu hapo ikawa desturi, mara Soga, mara Kisarawe mjini, mara Maneromango, na beseni likapanda cheo likawa chupa ya chai.

Kuamua kuku ni kazi ya kukosana na watu. Kuchi, jogoo yule mrefu wa kifua kilichosimama, unamtazama miguu, shingo, jicho na namna anavyojibeba. Unamshika, unampapasa kifua, unamkagua vidole. Mama mmoja wa kwaya aliwahi kuniita mwizi mbele ya mchungaji wake kwa sababu ya kidole kimoja kilichopinda. Mwingine, wa Kibaha, alimpaka jogoo wake masizi ya sufuria na mafuta ya nazi ili mkia ung'ae weusi. Mvua ikanyesha kabla sijamfikia, na jogoo akabaki amesimama kwenye dimbwi la wino. Nilimpa huyo bwana pole, beseni sikumpa.

Hapo Soga ndipo nilipomkuta Mzee Athumani, Baba Mwajuma. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa na kazi ya genge la reli akiwa kijana. Alipostaafu hakurudi kwao. Alinunua shamba dogo la mihogo, akajenga banda la kuku zuri kuliko nyumba yake. Maneromango nako, nilikohamishiwa baadaye, kulikuwa na Mzee Elieza, Mzaramo wa pale pale, mzee wa kanisa, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia asilolivua hata jua likiwaka. Kwa majogoo wa kuchi, hao wawili hawakuwa na mwenzao wilaya zote mbili, Kibaha na Kisarawe. Walijuana kwenye maonesho, na mbegu ya kuku wao ilikuwa moja. Mzee Elieza alimpa Mzee Athumani jogoo na matembe wawili, majike ambayo hayajaanza kutaga, mwanzoni kabisa, na kuanzia hapo wakawa wanabadilishana majogoo ili damu isirudiane.

Sasa, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hilo hamhitaji kuambiwa na mimi. Lakini hawa waliutia utani chumvi na pilipili. Mzee Athumani akishuka kwenye gari na tenga lake, Mzee Elieza ataita toka mbali, "Mpagazi wangu umefika! Shusha mzigo, upewe maji!" Na Mzee Athumani atajibu huku anatazama pembeni, kana kwamba anamuuliza mtu mwingine, "Jamani, marehemu hajambo? Mbona hamjamzika, mnangoja bei ya sanda ishuke?" Kila waliposalimiana mmoja alikuwa amekufa au yuko njiani. Mzee Athumani aliwahi kweli kuja Maneromango na kitambaa cheupe, akampima nacho Mzee Elieza mgongoni mbele ya watu wote wa maonesho, akasema, "Kinapungua, itabidi tumkunje." Mzee Elieza alicheka mpaka akakaa chini. Kitambaa kile mkewe, Mama Tabitha, alikishona foronya.

Mimi mwanzoni nilidhani wanachukiana. Nilikuja kujua sivyo mwaka ule wa kideri. Jirani yake Mzee Elieza alileta kuku wa sikukuu kutoka mnadani, na wakati huo chanjo ilikuwa imekwisha madukani kote. Nilipofika nilikuta shingo zimepinda na kinyesi cha kijani kila mahali. Mnaijua ile hali. Hakuna cha kufanya zaidi ya kuchimba shimo. Mzee Elieza alizika kuku wake wote kwa mikono yake, hakutaka nimsaidie. Nikampigia Mzee Athumani simu kumweleza.

Baada ya banda kukaa wazi muda wa kutosha na kupigwa chokaa, Mzee Athumani akaja. Kutoka Soga mpaka Maneromango ni safari ya kuzunguka, na ilikuwa masika, barabara ni tope tupu. Alifika amechafuka mpaka kiunoni, na tenga kichwani. Mimi nikajiandaa kucheka. Utani haukuja. Mzee Athumani alilishusha tenga, akamtoa jogoo, akampa Mzee Elieza mkononi. "Huyu ni mjukuu wa yule uliyenipa," alisema. "Na hawa dada zake." Mzee Elieza alimpokea, akampapasa kifua, akasema, "Ahsante, ndugu yangu." Walikaa kwenye gogo mpaka chai ikaisha. Utani ulirudi Mzee Athumani alipofika barabarani. Aligeuka akapiga kelele, "Marehemu, ujitahidi ufike mwezi ujao!"

Nilimuuliza Mzee Elieza mbona leo hawakutaniana. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havuti sigara kanisani.

"Jogoo hataniwi, mwanangu," alisema. "Mimi akisema nimekufa, nacheka. Akisema jogoo wangu amekufa, nitamwamini pale pale, nitalia. Tukitania na hilo, tutaaminiana kwa lipi?"

Nikaona hiyo ni busara ya wafugaji, nikaendelea na kazi. Na kweli miaka yote iliyofuata, mmoja akituma neno kwamba jogoo ana mafua au ndui, mwenzake alikuwa anapanda gari siku hiyohiyo na dawa mfukoni. Habari za binadamu zilikuwa za kuchekea. Habari za kuku zilikuwa za kweli.

Nilistaafu nikiwa Kisarawe mjini, nikabaki hapohapo mlimani. Muda si mrefu Mama Tabitha akanipigia. Mzee Elieza alikuwa amevimba miguu, hapumui vizuri. Walimpeleka hospitali Dar, wakaambiwa moyo umechoka, wakapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekalishwa kitandani na mito mitatu mgongoni, na lile koti la kahawia limetundikwa ukutani. Kuliona koti bila yeye ndani kuliniuma kuliko kumwona yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bibi Mifugo. Umekuja kunichanja?"

Nikamwambia nimekuja kuona kama anapepesa jicho. Akacheka kidogo, kikohozi kikamkamata. Kilipotulia akanieleza anachotaka. Watoto wake wako Dar, wana kazi zao, kuku kwao ni kitoweo. Alitaka Mzee Athumani aje awachukue kuku wote, awapokee mkononi kwake akiwa bado hai. "Na kuna neno nataka kumwambia," alisema. Nikamuuliza neno gani, nimfikishie. Akatikisa kichwa. "Hilo ni la kwake."

Tukapiga simu, nikaiweka sauti ya juu na kumshikia sikioni.

"Mpagazi wangu," alisema Mzee Elieza, pumzi ikikatika. "Njoo. Nakufa."

"Mbona umechelewa?" sauti ya Mzee Athumani ilijaa chumbani. "Wenzako wanakufa asubuhi, wewe mpaka saa hizi? Haya, kufa taratibu, mimi naezua bati huku. Nikija nataka nikute ubwabwa umeiva!"

Mzee Elieza akacheka. Hakuweza kujizuia, maskini. Miaka yote hiyo kinywa chake kilikuwa kimezoea kumjibu yule mtu kwa kucheka. Akajaribu kusema tena, "Njoo kweli," lakini alilisema akiwa bado na kicheko, na ng'ambo ya pili kikasikika kicheko tu.

Nikatoka nje na simu. Nikamwambia, "Baba Mwajuma, shikamoo. Mtani wako anaumwa. Ni kweli."

"Marahaba. Bibi Mifugo, na wewe umeshakuwa Mzaramo? Amekupa nini, mayai?"

"Naapa. Nimetoka chumbani kwake sasa hivi."

"Mwambie aniachie lile koti," alisema, akicheka kwa raha zake. "Jumamosi tuna maonesho hapo Maneromango, si ndiyo? Nakuja naye jogoo wangu mpya. Mwambie asife kabla hajashindwa."

Nilimkasirikia. Lakini nilipokaa barazani nikajiuliza yule mzee angejuaje. Maneno yote ya kuagana, walikuwa wamekwisha kuyatumia kwa mzaha. Hakuna hata moja walilojibakizia.

Mama Tabitha ndiye aliyepata wazo. Aliingia na uji, akasema, "Baba Tabitha, kwani shida iko wapi? Tumwambie jogoo mkubwa anaumwa. Kesho asubuhi utamwona hapo mlangoni."

Nikasema, "Lo! Kweli kabisa!" Nilikuwa nimeshashika simu.

"Hapana," alisema Mzee Elieza.

"Baba Tabitha..."

"Jogoo haumwi. Yuko pale nje, mnamsikia. Hilo sijamdanganya hata siku moja, na yeye hajanidanganya. Leo nimwite kwa uongo huo, afike na dawa mkononi amkute jogoo mzima? Halafu ndipo niseme hilo neno langu? Ataliamini kwa nini?"

Mama Tabitha alianza kulia, akamwambia ni ubishi wa Kizaramo. Akamwambia kuna wakati Mungu mwenyewe angesamehe. Mzee Elieza akamshika mkono, akasema, "Mungu atasamehe, najua. Athumani atakuja Jumamosi. Nitamsubiri." Mimi simu niliirudisha mkobani. Mtu yuko kitandani kwake, ana akili zake timamu, amesema hapana, ningefanya nini?

Jumamosi hakuifikia. Alifariki siku moja kabla, asubuhi, Mama Tabitha akimbadilishia mto. Mimi nilikuwa nimelala kwao. Nilipompigia Mzee Athumani, alipokea na kusema, "Enhe, amekufa tena?" Nyuma yangu wanawake walikuwa wameanza kulia, na akawasikia. Simu ikakatika.

Alifika Jumamosi mapema, siku ya mazishi, na tenga lake kichwani. Alikuwa ametoka nalo nyumbani kama mtu anayekwenda kwenye maonesho; nadhani hakujua aliache wapi. Kitu cha kwanza alichokiona uani yalikuwa manyoya. Msiba una watu, na watu wanakula. Mama Tabitha alikuwa ndani kwenye mkeka na wajane wenzake, na vijana waliotoka Dar walifungua banda wakachinja kilichokuwemo. Hawakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyewaambia. Mtu wa kuwapokea wale kuku hakuwepo. Mzee Athumani aliinama akaokota unyoya mmoja mrefu wa mkia, akautazama, akauweka chini taratibu pale alipoutoa.

Kisha akanijia. "Bibi Mifugo," alisema, na macho yalikuwa mekundu. "Mngeniambia jogoo anaumwa. Ningekuja siku ileile. Unanijua."

Nilitaka kunyamaza. Lakini nilikumbuka wazee hawa walivyokuwa wakali kwa ukweli katika jambo moja lile, nikaona sina haki ya kumficha.

"Tulitaka, Baba Mwajuma. Mama Tabitha alisema tukuambie hivyo. Yeye akakataa. Alisema hilo hajawahi kukudanganya."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu kitu. Wakati huo jeneza likawa linatoka, na watu wakaanza kumwita, "Mtani! Mtani yuko wapi? Mtani afanye kazi yake!" Mnajua mambo ya huku. Msibani mtani ndiye anayechekesha watu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, anaweza kulala njiani jeneza lisipite, anaweza kudai deni la uongo, na hakuna wa kukasirika. Watu wa Maneromango walikuwa wamemngoja Mzee Athumani tangu asubuhi. Walikuwa na hamu ya kucheka, maana walimpenda Mzee Elieza na walikuwa wamelia vya kutosha.

Hakuigiza kitu. Alitembea mbele ya jeneza mpaka kaburini, akavua viatu, akateremka shimoni.

Watu wakashangilia. "Mnyamwezi kashika kaburi!" Hiyo ni kawaida, mtani anaingia kaburini na hatoki mpaka apewe chochote. Mchungaji, ambaye ni mtu wa hukohuko, akafunga kitabu chake kidole kikiwa katikati, akasubiri akitabasamu. Vijana wakaanza kurusha sarafu. "Chukua, mpagazi, utoke!" Sarafu zikamwangukia mgongoni. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo, ameegemeza paji la uso ukutani mwa shimo, na mabega yanatikisika.

"Leo anataka nyingi!" mtu akasema. Wakarusha noti.

Mzee Athumani akainua uso. Ulikuwa umelowa wote, machozi na udongo. "Jamani," alisema, "sitanii. Niacheni kidogo. Wallahi sitanii."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega wasianguke. Bibi mmoja karibu yangu alijifuta macho kwa khanga, akasema, "Huyu mzee anajua kazi yake! Marehemu angefurahi!"

"Sitanii!" alipaza sauti kutoka shimoni, na kila alivyoirudia, ndivyo walivyozidi kucheka.